Mjomba Wako Alizikwa na Wageni

Mwanangu Haitham,

Assalaam alaykum. Usicheke kuona mama yako anakuandikia barua na vyumba vyetu vimepakana. Tangu Ijumaa najaribu kukwambia kwa mdomo, na kila nikianza najikuta nazungumza habari za soksi. Ya soksi, ya dawa ya kifua na ya bizari niliyokufungia nimeshayasema mpaka ukanikimbia, kwa hiyo siyarudii. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako mkirudi. Isome leo, kabla hujapanda ndege, ili kama una neno la kuniambia uniambie usoni.

Sasa hivi wewe na baba yako mko mtaa wa Ansab, hapa hapa Maskati, kwa kaka yangu Salum, mmekwenda kuaga. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Najua mmeshakunywa kahawa, halwa imeshapita, na najua Salum anakwambia nini, maana ni yale yale aliyokwambia hapa kwetu Ijumaa tulipokuwa tunakula: "Mjomba wako Nassor alikwenda huko huko Canada, akaponzwa na mwendo wa gari. Barabara zao za barafu, mwana'angu, usije ukajitia udereva." Na baba yako kando yake anatikisa kichwa kama shahidi.

Si kweli. Nassor alikuwa askari wa jeshi la Canada, na alikufa vitani Afghanistan. Salum alijua tangu siku ya kwanza, na baba yako alijua tangu siku ya kwanza. Mimi dada yake, niliyemlea, walinificha. Kesho unakwenda kuishi katika nchi aliyozikwa, na sitaki uende na uongo ule niliopewa mimi nikaubeba.

Nikwambie kwanza kwa nini niliinuka mezani Ijumaa, maana ulidhani nalia kwa ajili ya safari. Ulikuwa unajaza maelezo ya chuo kwenye kompyuta yako, ukafika mahali wanapouliza apigiwe nani likitokea jambo. Ukaandika baba yako. Chini yake ukaandika mjomba wako Salum. Nikakuuliza, "Na mie je?"

Ukanijibu bila ya kuinua macho, "Mama, simu yako kila siku umeizima sauti. Baba si atakwambia?"

Baba atakwambia. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani zilizokuwa safi. Hukuwa na kosa, wewe umefanya wanavyofanya wote katika nyumba zetu. Lakini neno lile lilinichoma, kwa sababu ni neno hilo hilo lililonikosesha maziko ya ndugu yangu.

Mama yetu alipofariki, na baba ameshatangulia, Nassor alikuwa mdogo, anaanza skuli. Tulikuwa tunakaa Hamriya, ghorofani, na chini yetu kulikuwa na duka la spea za magari. Salum ndiye mkubwa wetu. Aliacha masomo akafanya kazi mchana na jioni ili sisi tule, na hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Lakini aliyemwogesha Nassor, aliyemlisha, aliyelala naye akiota ndoto mbaya, ni mimi. Nami mwenyewe nilikuwa msichana wa skuli. Nilikuwa nafanya hesabu za mtihani na yeye amenilalia mguuni.

Alikuwa mtundu wa vyuma. Aliifungua redio ya Salum akaitandaza juu ya jamvi vipande vipande, na Salum aliporudi kazini alimchapa, kisha akakaa chini akamtazama anavyoirudisha. Ikalia. Salum akacheka mpaka akalia naye! Nakwambia haya ili ujue kwamba Salum alimpenda. Angekuwa hampendi, mimi nisingeumia hivi. Mtu asiyekupenda akikuzunguka unamlaani ukalala. Huyu ukimlaani unajilaani na wewe.

Nassor alikwenda Canada kusoma uhandisi, kama wewe. Masomo yakamshinda katikati, au aliyaacha, sijui. Akaniambia kwenye simu amepata kazi. Nikamuuliza kazi gani. Akasema, "Natengeneza magari ya serikali, dada." Nikafurahi. Nikawaambia majirani wote kwamba ndugu yangu ni fundi wa magari ya serikali ya Canada, na mishahara ya huko si ya hapa. Kila Ijumaa alikuwa ananipigia, ananielezea theluji, ananiuliza nimepika nini, ananitukania wali wa huko. Hakuniambia hata mara moja kwamba magari yale ni ya vita na yeye anavaa sare. Na yeye pia alinificha, Haitham. Usidhani namsamehe kwa sababu ameshakufa. Ninamwombea dua kila siku na ninamkasirikia kila siku.

Khabari ya kifo ilikuja wakati mimi na baba yako tunakaa katika nyumba ya Salum, ghorofa ya juu, kabla hatujahamia hapa Khuwair. Nilikuwa na mimba yako, kubwa. Salum alipanda ngazi, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu ya magoti yake, akasimama mlangoni akasema Nassor amepata ajali ya gari na Mungu amemchukua, na wenzake Waislamu wa huko wameshamzika. Baba yako alikuwa nyuma yake. Alinishika mkono. Nakumbuka nilishukuru kwamba ninaye mume wa kunishika mkono.

Tukakaa azaa, matanga yetu ya siku tatu. Wanawake wakaja, wakanywa kahawa, wakala tende, na kila mmoja akanieleza ajali anayoijua yeye. Mmoja alipoteza mpwa wake njia ya Nizwa, mwengine shemeji yake. Nami nikawa napokea, nasema inna lillahi. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa naliona gari lake likiteleza kwenye barafu, nasikia na breki zake. Nilimlilia katika gari nililolitengeneza mwenyewe kichwani. Nilikuwa nakufunga mkanda wa gari wewe mchanga mpaka unalia, na baba yako akinitazama hivyo ananyamaza kimya.

Ulipozaliwa nilitaka uitwe Nassor. Salum akasema, "Usimpe mtoto jina la msiba, Zuwena." Baba yako akaenda kukuandikisha, akarudi na Haitham. Nikadhani ni huruma. Kumbe hawakutaka jina lile litajwe nyumbani kila siku, watu wakaanza kuuliza.

Ukweli uliletwa na mgeni, nawe ulikuwa umeshaanza kusoma chekechea. Nilikuwa darasani, nafundisha wasichana wangu hesabu, mlinzi akaja kusema kuna Mzungu getini ananiuliza kwa jina langu. Nikadhani mkaguzi. Nilimkuta amekaa ofisini kwa katibu wetu, mtu mzima, mrefu, kofia ameipakata. Jina lake Andre. Alikuwa amepata kazi ya muda hapa Ghuba, akakumbuka kwamba Nassor alimwambia dada yake anafundisha hesabu skuli ya wasichana Maskati. Amezunguka skuli ngapi mpaka kunipata, hakunieleza.

Akasimama, akaweka mkono kifuani kama alivyofundishwa, akaniambia kwa Kiingereza, "Nimefurahi kukuona umepona."

Nikamwambia, "Nimepona nini?"

Akababaika. Akasema, "Tuliambiwa ulikuwa mgonjwa sana. Kwamba huwezi kusema na simu wala kusafiri."

"Nani kawaambia?"

"Kaka yako. Jeshi lilipopiga simu lilikutaka wewe. Nassor alikuandika wewe, si mtu mwengine. Walipiga tena na tena ile namba ya nyumbani aliyowapa. Kaka yako akasema yeye ndiye msemaji wako, na kwamba familia haitaki kuja."

Nilimuuliza, "Jeshi gani?" Na pale ndipo yule mtu alipoelewa. Alikaa kitako. Katibu wetu, Mungu ampe kheri, alitoka akafunga mlango.

Andre alinieleza yote, na mimi nakueleza wewe, maana ni haki yako. Nassor alikuwa fundi wa kikosi chao. Kazi yake ilikuwa kwenda kuyakokota magari yaliyoharibika njiani na kuyarudisha kambini. Ramadhani alifunga, joto lile, yuko chini ya injini, na ikifika magharibi wenzake walikuwa wanamletea maji, wanakaa naye mpaka anywe. Siku aliyokufa walikwenda kulivuta lori lililokwama. Bomu lilikuwa limefukiwa barabarani. Andre alikuwa gari la nyuma. Alisema hakuteseka, na nimeamua kumwamini.

Walimrudisha Canada. Walitafuta imamu wa mji, akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa. Kwenye hafla ya jeshi waliweka kiti mbele chenye jina langu. Kikakaa kitupu. Makaburini imamu akauliza nani ndugu yake, ashuke kumpokea. Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Basi Andre, ambaye hajui hata kusema bismillahi, akavua viatu akashuka yeye na muumini mmoja wa msikiti wa imamu yule, wakampokea Nassor wangu wakamlaza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevaa kiatu kimoja cha skuli na kimoja cha kuendea chooni, sijui nilivibadilisha wapi. Salum alikuwa majlisi, sebule ya wanaume, na baba yako, wanatazama mpira. Nilisimama mbele ya televisheni.

Nikamwambia, "Kaka, nlikuwa naumwa nini mie?"

Hakuuliza nakusudia nini. Alizima televisheni. Akasema, "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe. Nlikuwa naumwa nini hata nshindwe kumzika ndugu yangu?"

"Ulikuwa na mimba, Zuwena. Tulikuonea huruma."

"Na nlipojifungua?"

"Ulikuwa unanyonyesha."

"Na mtoto alipoacha ziwa? Alipoanza kwenda chekechea? Leo nnanyonyesha nani?"

Ndipo akapandisha sauti. Akasema, "Ungetaka nseme nini kwa watu? Nnao mabinti wa kuoza. Nwaambie ndugu yetu kafa na bunduki ya Wazungu, nchi ya Waislamu? Nani angekuja kutupa pole? Na uongo uko wapi? Kwani hakufa kwenye gari?"

Nikamwambia, "Kilikuwa kiti changu, kaka. Waliweka jina langu."

Akajibu neno ambalo mpaka leo likinijia napoteza usingizi. Akasema, "Wewe mwanamke. Tangu lini wanawake wa kwetu wakaenda makaburini? Ungeitwa ungefanya nini?"

Ni kweli, wanawake wa kwetu hatuendi kuzika. Sisi tunabaki nyumbani na Qur'ani na kahawa, wanaume wanachukua jeneza. Nimekua hivyo na sijawahi kulalamika. Nikamwambia, "Haya, mie mwanamke. Wanaume wa nyumba hii walikuwa wapi? Alishushwa na Mzungu, Salum. Imamu kauliza mara mbili nani ndugu yake."

Aliinamisha kichwa, na akalia, na mimi sikumfariji. Nikamgeukia baba yako. Ningeomba awe hajui. Nilikuwa tayari kuupokea uongo mmoja zaidi, aniambie tu kwamba hajui. Akasema, "Nlitaka kukwambia. Kaka yako akanikataza, na ndugu ni wake." Basi. Mtu niliyelala naye mto mmoja, aliyenishika mkono nikalilia gari ambalo halikuwepo, alikuwa ananitazama nalia na anajua. Salum aliniumiza kama kaka anavyoumiza, kwa ubabe. Baba yako aliniumiza kwa upole, na la upole halijapona.

Utaniuliza mbona nimeendelea kukaa naye. Kwa sababu ni mtu mwema katika mambo mengine yote, na kwa sababu ulikuwepo wewe. Utaniuliza mbona nawe nilikuficha. Nilisubiri wakwambie wenyewe. Kila Idi, kila mkusanyiko, Salum akianza habari ya mwendo wa gari, nilimkazia macho nikidhani leo atasema. Ijumaa nilimwona anakwambia tena, safari hii ukiwa unakwenda huko huko, na wala jicho halikumcheza. Nikajua uongo ule ameshauamini. Na nikajua nikinyamaza nitakuwa mtu wa tatu.

Walichoniibia si maziko peke yake, mwanangu. Mimi vita ile sikuipenda. Nassor angeniambia anakwenda nchi ya Waislamu wenzake amevaa sare ya watu wengine, ningempigia kelele simu ikapasuka. Ningemwambia avue, arudi, aje auze spea Hamriya. Naye angenijibu, maana ulimi alikuwa nao, pengine angekuwa na la kunieleza ambalo silijui. Tungegombana tukanuniana Ijumaa mbili, ya tatu angenipigia kuniuliza nimepika nini. Ugomvi ule ulikuwa wangu. Yeye aliukwepa, Salum akaufukia, na sasa sina wa kugombana naye. Andre aliniambia Nassor alikuwa anasema, "Siku nikimaliza nitamwambia dada, nikimwambia sasa atalia." Basi angeniacha nilie! Nani kawaambia kwamba mimi nikilia nakufa?

Nakwambia hili kwa sababu wewe umefanana naye. Nakuona unavyonikwepa. Ulipoanguka mtihani wa fizikia nilipata khabari kwa mama wa rafiki yako. Huko uendako utabadilika, hilo nalijua, na mengine yatakayokubadilisha sitayapenda. Ukiacha uhandisi, niambie. Ukipenda msichana ambaye nitamkunjia uso, niambie. Hata ukitaka kuvaa sare, ya nchi yoyote, niambie kabla hujaivaa. Sikuahidi kwamba nitakuwa mpole. Nitapiga kelele, nitanuna, nitakukatia simu na kisha nitakupigia mwenyewe. Lakini niambie kwa mdomo wako, na usinihurumie. Waliponihurumia ndipo waliponiua.

Na watu watakaokuumiza huko hawatakuwa maadui zako. Adui umeshajikinga naye. Atakuwa mtu aliyekula nawe, na atakuwa na sababu nzuri, na sababu yake itakuwa ni wewe mwenyewe: tulikuwa tunakulinda, tuliona huna nguvu, ulikuwa na mitihani. Mtu akikwambia hivyo muulize kama alikuuliza. Mimi sina hekima nyengine zaidi ya hiyo.

Fungua kompyuta yako leo, ufute jina la Salum uweke langu, mwanzo, juu ya baba yako. Simu nimeshaipandisha sauti, imelia mara tatu tangu adhuhuri, zote matangazo ya mazulia, na nimeruka kila mara.

Mkirudi nitawaambia nyote wawili, mezani, kwamba nimeomba viza. Wiki ijayo nakwenda kutoa alama za vidole. Sikumwomba baba yako ruhusa, wala sikumficha: nimeanza jana, na leo atajua. Akitaka kufuatana nami, afuatane. Akisema wanawake hawaendi makaburini, nitamjibu kwamba wanaume walipewa nafasi yao.

Mji aliozikwa Nassor uko mbali na chuo chako, ni safari ya basi, Andre atakuelekeza, namba yake nimekuwekea kwenye simu. Najua utataka kwenda kabla sijafika, na sikukatazi. Nenda. Simama kwake, soma uliyojaliwa, mwambie wewe ni nani. Kaa kadiri utakavyo.

Lakini usimwambie mama anakusalimu. Usimfikishie salamu yangu hata moja, Haitham. Nimesemewa vya kutosha. Yangu nitakwenda kumwambia mwenyewe.

Mama yako,
Zuwena